Behewa Ndani ya Meli: Historia Fupi ya Paketi Zinazobebwa na Paketi

Asubuhi ufukoni Usenge, kabla boti ya kisiwa cha Mageta haijaondoka, utaona katoni iliyoletwa na matatu kutoka Kisumu kupitia Bondo. Juu yake pana jina na namba ya simu, vimeandikwa kwa kalamu nzito. Mpakiaji haifungui wala hasomi jina. Anaitumbukiza ndani ya gunia la nailoni pamoja na mizigo mingine ya Mageta, anafunga mdomo kwa kamba, basi. Safarini gunia ndilo linalotambulika. Ng'ambo likifunguliwa, katoni inatoka kama ilivyoingia na jina lake linaanza kufanya kazi.

Wahandisi wa mitandao hulifanya jambo hilo hilo kwa paketi za data: paketi nzima, pamoja na anwani zake, huwekwa ndani ya paketi nyingine yenye anwani mpya. Njia inayopatikana huitwa handaki, ingawa hakuna kilichochimbwa.

Ziwa hili, Victoria, limezoea vitu vinavyobebwa na vitu. Meli William Mackinnon iliundwa Paisley, Scotland, ikafunguliwa vipande na kuletwa Mombasa kama shehena. Iliungwa tena Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, mwaka mmoja kabla reli haijafika. Meli iliyokuwa mzigo ikawa mbebaji. Lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa miaka ya 1960, zilipokuja Uhuru na Umoja, meli za mabehewa. Reli imelazwa sitahani, na behewa linasukumwa kutoka gatini hadi ndani ya meli bila gunia hata moja kushushwa. Likifika Port Bell au Mwanza, linavutwa nje na kushika reli ya huko. Behewa halina habari na maji. Kwake safari ni ya reli mwanzo hadi mwisho. Wala nahodha hahitaji kujua limepakia nini.

Kwenye kompyuta, wazo hili lilipata maandishi mashuhuri Oktoba 1994, Hanks, Li, Farinacci na Traina walipochapisha itifaki ya GRE: kichwa kifupi kinachoruhusu karibu itifaki yoyote kubebwa ndani ya nyingine. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na ruta, masanduku ya chuma.

Kisha seva moja ikaanza kubeba mashine pepe, yaani kompyuta za programu, kwa makumi, na swichi ikahama kutoka kwenye chuma ikawa programu ndani ya seva yenyewe. Maarufu kati ya swichi hizo ni Open vSwitch, iliyotoka katika kampuni ya Nicira, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Martin Casado, Nick McKeown na Scott Shenker. Shida yao ilikuwa ya wapangaji wengi katika jengo moja. Wateja wawili wanaweza kutumia anwani zilezile, kama akina Otieno wawili kisiwa kimoja, na VLAN, njia ya zamani ya kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa, zilitoa namba 4,094 tu za kuwatenganisha. VXLAN, itifaki ya handaki iliyochapishwa mwaka 2014, ilileta namba zaidi ya milioni 16.

Hapo ndipo usanifu ulipokuwa mgumu. Mwanzoni kila handaki lilipewa mlango wake kwenye swichi. Ukiwa na seva 1,000 zinazotaka kuonana zote, kila moja inahitaji milango 999. Huko ni kununua boti kwa kila nyumba ya Mageta! Suluhisho lilikuwa mlango mmoja kwa kila aina ya handaki, na kanuni za swichi kuibandikia paketi lebo inapopita: iende seva gani, kwa namba ipi ya mteja. Programu ya juu huamua njia ya paketi ya kwanza, kisha kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, hukumbuka uamuzi na kuzipitisha zinazofuata kwa kasi. Kwa maoni yangu, mlango huo mmoja ndio uamuzi bora katika historia yote hii. Hata hivyo haukupokelewa siku moja: Open vSwitch iliingia kwenye kerneli ya Linux Machi 2012 bila mahandaki. GRE na VXLAN zilifuata mwaka 2013.

Gunia nalo lina uzito wake. VXLAN juu ya IPv4 hula baiti 50, kwa hiyo njia ya baiti 1,500 inabakiza 1,450. Asiyepunguza kipimo cha paketi huona maajabu: ujumbe mdogo unapita, faili kubwa linagoma katikati, na kila mtu anaapa kwamba mtandao ni mzima. Nimewahi kukesha kwa sababu ya baiti hizo 50, na sikupenda. Mwaka 2020 itifaki ya Geneve ilikubaliwa rasmi, ikiwa na nafasi ya kuongeza maelezo kichwani, ili isitungwe itifaki mpya kila mara mtu anapotaka kuandika neno moja zaidi juu ya gunia.

Mvuvi wa Usenge naye yumo ndani ya handaki. Data ya simu yake hufungwa kwa itifaki ya GTP kutoka mnarani hadi kitovu cha kampuni ya simu. Boti ikisogea na simu ikashika mnara mwingine, bahasha ya nje hubadilishwa, anwani ya ndani inabaki ileile, na mazungumzo ya bei ya omena hayakatiki.

Ukifika Kisumu, nenda gatini uangalie reli zinavyoishia ukingoni mwa maji. Aliyezilaza pale hakukosea hesabu. Alikuwa anaisubiri meli.