Bodi ya 1961, injini ya karne hii

Marekani kuna mafundi wanaoishi kwa kazi moja ya gharama kubwa: wanachukua Mustang ya miaka ya 1960, wanang'oa injini yake ya kabureta na kuweka V8 mpya inayoongozwa na kompyuta. Kazi ya namna hiyo imefanyika Mwanza pia, ila chombo chenyewe kinabeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo.

Chombo hicho, MV Victoria, kilikuja Afrika Mashariki kikiwa vipandevipande. Kampuni ya Yarrow iliiunda Glasgow, Scotland, ikaifunga kwa bolti ili kuhakikisha kila bamba linakaa mahali pake, kisha ikaifungua yote. Vipande vikasafirishwa baharini hadi Mombasa, vikapanda treni mpaka Kisumu, na hapo meli ikaunganishwa upya. Ilianza kazi mwaka 1961 chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ikizunguka Ziwa Victoria lote.

Hapakuwa na njia nyingine. Mto Nile, njia ya maji kati ya ziwa hilo na bahari, una maporomoko, kwa hiyo meli kubwa ya ziwani lazima izaliwe mara mbili. Meli ya William Mackinnon, iliyotengenezwa Paisley, ilifika Mombasa mwaka 1895 kabla reli haijajengwa. Vipande vyake vilibebwa na wapagazi, vingine vikapotelea njiani, nayo ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli ilifika huko Desemba 1901. Zikafuata Winifred, Sybil na Clement Hill, zote za mvuke, zenye matanuri yaliyokula kuni bila kushiba.

Victoria yenyewe ilizaliwa ya dizeli, na hilo liliwapunguzia mafundi wa baadaye kazi nusu. Waliokutana na kazi nzima ni wale wa Liemba, kule Ziwa Tanganyika: meli ya Wajerumani ya mwaka 1913, iliyozamishwa vitani mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Mvuke wake uliondolewa katika miaka ya 1970, dizeli ikachukua nafasi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Victoria ikabaki Tanzania, na miaka yake mingi ikaishia kwenye safari za Mwanza na Bukoba. Wafanyabiashara wa ndizi, wanafunzi, maofisa wanaohamishwa na mizigo yao: wote walilala humo. Injini za kale hazikosi uimara, zinakosa vipuri. Kufikia mwaka 2014 meli ilikuwa imeegeshwa.

Septemba 2018 mikataba minne ilisainiwa Mwanza: meli mpya, chelezo cha kujengea meli, ukarabati wa Victoria na ukarabati wa MV Butiama. Wakorea Kusini walipewa Victoria kwa shilingi bilioni 22.7.

Asiyejua kazi hii ya kubadilisha injini hudhani ni kutoa moja na kuweka nyingine. Kumbe injini mpya hailingani na kitako cha ile ya zamani. Mzunguko wake una kasi tofauti, kwa hiyo giaboksi, shafti na propela lazima vikubaliane nayo. Kabla ya yote hayo, unene wa chuma unapimwa, maana hakuna faida ya kufunga mashine ya mamilioni ndani ya bodi iliyoliwa na kutu. Halafu kuna uzito. Injini ya kisasa kwa kawaida ni nyepesi kwa nguvu ileile, na kupunguza uzito chini kabisa ya meli kunapandisha kitovu chake cha uzito. Ndiyo sababu meli iliyobadilishwa injini hupimwa upya jinsi inavyoegama na kurudi.

Mwanza hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini kipimo hicho ni muhimu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia mji huu ikitokea Bukoba, ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Marehemu wengi wamezikwa Igoma.

Agosti 2020 Victoria ilirudi kwenye njia ya Bukoba. Waliokuwa wamezoea basi la kuzunguka ziwa walirudi bandarini, na ndizi zikarudi sitahani.

Wapo waliosema fedha za ukarabati huo zingeongezwa kununua chombo kipya. Hesabu haiwaungi mkono. Meli mpya, MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, ilisainiwa kwa karibu bilioni 89. Inabeba magari na mizigo mara mbili ya Victoria, hilo ni kweli, lakini abiria wake ni walewale 1,200. Kwa robo ya bei hiyo, bodi iliyofungwa kwa bolti Glasgow imepata maisha mengine, na kwa msafiri wa Bukoba huo ulikuwa uamuzi mzuri.