Hugo van Lawick, kutoka Gombe hadi Mbarang'andu

Hugo van Lawick alizaliwa mwaka 1937 mjini Surabaya, Indonesia ilipokuwa bado koloni la Uholanzi. Baba yake, rubani wa jeshi la wanamaji, alifariki Hugo akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1959 alikuja Afrika Mashariki, akafanya kazi kwa Armand na Michaela Denis, mtu na mkewe waliotengeneza filamu za wanyamapori.

Mwaka 1962 Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alimpendekeza kwa jarida la National Geographic, lililotaka picha za mtafiti Jane Goodall na sokwe wa Gombe, Kigoma. Sokwe walikuwa ndiyo kwanza wanamzoea Jane, na mgeni mwenye kamera angeweza kuwatimua. Ilibidi Hugo aketi kimya na kungoja. Picha zake ndizo zilizouonyesha ulimwengu sokwe wakivua mchwa kwa vijiti, jambo ambalo wengi wasingelisadiki kwa maneno matupu. Jane na Hugo walioana mwaka 1964, wakapata mwana mmoja, wakaachana mwaka 1974.

Kazi iliyomtambulisha zaidi ni ya Serengeti, alikoishi miaka mingi kambini Ndutu. Mwaka 1970 yeye na Jane walitoa Innocent Killers, kitabu kuhusu fisi, mbweha na mbwamwitu, wanyama ambao watu wengi waliwadharau. Mbwamwitu hata walikuwa wakipigwa risasi kama wanyama waharibifu. Kitabu chake cha 1973, Solo, kinasimulia mtoto wa mbwamwitu aliyebaki peke yake baada ya jike mkuu wa kundi kuwaua ndugu zake. Wapiga picha walimwokoa, wakamtafutia kundi jingine. Mtafiti mkali angesema waliingilia mambo ya porini; pengine ni kweli, lakini ndicho kisa kilichowafanya wasomaji waanze kumhurumia mnyama huyo.

Kwa mkazi wa Songea, kusini mwa Tanzania, kitabu kilicho karibu na nyumbani ni Sand Rivers cha mwaka 1981. Maneno ni ya Peter Matthiessen, Mmarekani. Picha ni za van Lawick. Kilitokana na safari ya mwaka 1979 ndani ya Pori la Akiba la Selous, pamoja na Brian Nicholson, aliyewahi kuwa mkuu wa pori hilo. Mito inayotajwa humo ni pamoja na Luwegu na Mbarang'andu, ambayo wakazi wa Namtumbo wanaijua bila kuhitaji kitabu. Kusini hakukuwa na urahisi wa Serengeti. Katika nyanda za nyasi fupi gari humfuata simba kutwa nzima. Katika miombo mnyama hupotea nyuma ya mti wa tatu, mbung'o huuma, na masika huzifunga njia. Ndiyo maana picha za kusini zilibaki chache, ingawa Selous ni miongoni mwa ngome kubwa za mbwamwitu waliosalia Afrika.

Van Lawick alitwaa tuzo kadhaa za Emmy, na filamu yake The Leopard Son ilitoka mwaka 1996. Ugonjwa wa mapafu ulimwondoa kambini mwaka 1998. Alifariki Dar es Salaam mwezi Juni 2002. Mwaka 2017 mikanda yake ya Gombe, zaidi ya saa 100, ilitumika kutengeneza filamu iitwayo Jane.