Njia ya Vyeti Katika Nchi ya Takaba

Ukiitazama ramani ya Kenya, msomaji, utauona mji wa Takaba katika pembe ya kaskazini mashariki, upande wa magharibi wa Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Ni nchi kavu, nchi ya wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Tuseme kwamba huko amezaliwa mtoto asiyeweza kutembea wala kula bila kusaidiwa, na mama yake hawezi kumwacha hata kwenda kisimani. Je, serikali ina wajibu gani kwa mtoto huyo, na wajibu huo humfikia kwa njia gani? Jibu lake laanzia mbali.

Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifunga kwa sheria Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Takaba ilikuwa ndani yake. Mgeni hakuweza kuingia bila kibali. Hivyo karatasi ya serikali katika nchi hiyo ilianza kuwa kizuizi kabla haijawa msaada. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, vita vya Shifta vilizuka, na kaskazini ikawekwa chini ya sheria za hatari, ambazo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa kuchujwa upya, na waliokubaliwa wakapewa kadi za pekee. Hata baada ya hapo, kijana wa mpakani aliyetaka kitambulisho alipaswa kuhojiwa na kamati, jambo ambalo wenziwe wa sehemu nyingi za Kenya hawakutendewa. Rais alitangaza kuukomesha utaratibu huo mwezi wa Februari 2025.

Katika miaka hiyo sheria za namna nyingine zilikuwa zikikua. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyounda Baraza la Taifa la kuwashughulikia. Mwaka 2008 Kenya iliuthibitisha mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, yaiamuru serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu wenyewe. Mwaka 2011 ukaanza mpango wa kuwapa fedha watu wenye ulemavu mkubwa, na kiasi chake kikawekwa kuwa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila nyumba. Mwaka 2025 sheria mpya ikachukua mahali pa ile ya 2003.

Sasa tazama jinsi njia hizi mbili zinavyokutana mlangoni pa mama yule. Kwanza yampasa kupata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, ijapokuwa huenda mtoto alizaliwa kambini mwa wafugaji, mbali na hospitali. Kisha ampeleke mtoto kwenye hospitali iliyoruhusiwa, waganga wampime na kuandika aina na kiasi cha ulemavu wake, ndipo Baraza limwandikishe. Tena chifu, wenyeji na maafisa wa ustawi wa jamii hutazamiwa kuthibitisha kwamba nyumba ni maskini, na kwamba mtoto huhitaji kutunzwa mchana na usiku. Mwisho, mlezi mwenyewe hana budi kuwa na kitambulisho, kwa kuwa yeye ndiye apokeaye fedha kwa niaba ya mtoto. Hata akiyatimiza hayo yote, huenda akangoja muda mrefu, maana fedha za mpango hazijapata kuwatosha wote wanaostahili.

Fikiri basi, msomaji. Mama aliponyimwa kitambulisho, au alipocheleweshewa, hasara haikukoma kwake, bali ilimfikia mtoto asiyejua lolote juu ya mipaka wala vita. Sheria iliyoandikwa Nairobi ilimtaja mtoto huyo kuwa mwenye haki, lakini mlango wa haki hiyo ulikuwa umefungwa miaka mingi kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo usipime wema wa sheria kwa maneno yake tu. Uliza pia ni karatasi ngapi zinazotakiwa, zinatolewa wapi, na safari ya kuzifuata ni ya siku ngapi kwa mtu aliyembeba mtoto mgongoni. Nawe ujuaye kusoma fomu, pengine jirani yako anayo moja nyumbani ambayo hajapata mtu wa kumsomea.