Uchafu wa Mtoni: Kutoka Neasden hadi Nyanza

Ukishuka stesheni ya Neasden ukaelekea kaskazini, hufiki mbali kabla ya kukuta maji mapana yaitwayo Welsh Harp, jina la baa iliyokuwa kando yake zamani. Wageni hudhani ni ziwa. Ni bwawa: mwaka 1835 mto Brent ulizibwa ili maji yake yalishe Mfereji wa Regent, njia ya mashua za mizigo za London. Mwaka 1841, baada ya mvua za mfululizo, ukuta ulibomoka na watu wakafa.

Leo tatizo ni kinachoingia. Mto Brent na kijito cha Silk Stream hupita kwanza kwenye makazi ya watu. Ziko nyumba ambazo bomba la mashine ya kufulia, hata la choo, limeunganishwa kimakosa na mtaro wa maji ya mvua, na mtaro huo humwaga mtoni bila kusafishwa. Mwenye nyumba hajui. Bata ndio wanaojua.

Neasden wapo wazee wa Kihindi waliozaliwa Kisumu na Kampala, na Kiswahili chao bado kizuri kuliko cha wengi wetu chuoni. Ziwa la utotoni mwao, Nyanza, lina takriban kilomita za mraba 68,800. Maji yake mengi ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito huleta sehemu ndogo tu, lakini ndani yake mna udongo, mbolea na maji ya viwandani, na mlango wa kutokea ni mmoja, Nile pale Jinja. Gugumaji lilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuta karamu imeandaliwa. Kisumu mitumbwi ilikwama, hadi wadudu wa kulila wakaletwa miaka ya 1990.

Kwangu mimi Kampala inatisha zaidi. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji machafu ya jiji hadi Ghuba ya Murchison, na Ggaba, kwenye ghuba hiyohiyo, ndiko jiji limeteka maji yake ya kunywa miaka mingi. Katikati palikuwa na kinamasi cha mafunjo kilichochuja uchafu bila malipo. Watu wakakifyeka, wakalima magimbi, wakajenga. Dawa za kusafishia maji zikaongezeka, na Uganda ikalazimika kujenga mtambo mwingine Katosi, mbali upande wa mashariki.