Gitaa Moja, Maikrofoni Moja: Historia ya Kurekodi Nyumbani katika Bonde la Ufa

Katika Bonde la Ufa, santuri zilitangulia mashine za kurekodi. Wamisionari na walowezi walikuja na gramafoni, na kati ya sauti zilizosikika humo ni ya Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Wakipsigis walilitamka jina lake Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekusanya muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, magharibi ya Msitu wa Mau, akarekodi nyimbo zenye jina hilo zikipigwa kwa chepkong', chombo cha nyuzi kinachofanana na nyatiti. Katika wimbo wa wasichana, Chemirocha amegeuka kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Tracey alizoea kushika maikrofoni mkononi, akiisogeza karibu na sauti aliyotaka isikike. Mwaka 1952, mjini Jadotville nchini Kongo, ambao leo ni Likasi, alimrekodi Mwenda Jean Bosco akipiga "Masanga". Bosco alitumia kidole gumba na cha shahada tu, lakini gitaa lake moja lilisikika kama mawili. Kwa upigaji wa namna hiyo, maikrofoni moja ilitosha.

Mtindo huo wa kudonoa nyuzi ulipendwa sana Kenya. Wapigaji kama George Mukabi, kutoka magharibi ya nchi, walitia na mdundo wa chupa ya soda. Wanamuziki wanapotumia maikrofoni moja, miguu ndiyo inayosawazisha sauti: mwimbaji na gitaa husimama mbele, mwenye chupa nyuma. Chupa ikizidi, mwenyewe hurudi hatua mbili, na wimbo huanzwa upya. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo hata beti zilipimwa.

Biashara ya santuri ilikuwa Nairobi. Kwa mpiga gitaa wa Mau Narok, nyanda za ngano, viazi na pareto kusini ya Njoro, kurekodi kulimaanisha kuteremka hadi Nakuru, kisha kuendelea na safari hadi jiji kuu.

Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ndiyo iliyoipindua hali hiyo. Redio-kaseti ilikuwa na maikrofoni yake ndani na ilitumia betri, hivyo nyumba isiyo na umeme nayo ingeweza kuwa studio. Shida ilikuwa nyumba yenyewe. Mau Narok iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua huko si haba. Mvua ikinyesha juu ya mabati, gitaa halisikiki. Hapo hapana dawa ila kusubiri anga litulie. Mwangwi wa kuta hupunguzwa kwa kutundika mablanketi. Maikrofoni ikielekezwa pale shingo ya gitaa inapoungana na tumbo, umbali wa shubiri moja au mbili, nyuzi husikika waziwazi. Ikikabili tundu, besi huvuma na kufunika mengine.

Aliyetaka magitaa mawili peke yake aliazima redio ya pili. Ya kwanza ilicheza ridhimu iliyokwisha kurekodiwa, naye akapiga solo juu yake, huku ya pili ikinasa yote. Kila marudio yaliongeza mchakacho wa kanda. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ilitoa Portastudio, mashine ya kaseti yenye njia nne, na kila chombo kikapata njia yake. Leo kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta na simu, bila mchakacho. Mvua juu ya mabati haijabadilika.

Kilichobaki kigumu ni kuhifadhi. Kanda huliwa na ukungu, na simu hupotea pamoja na nyimbo zake. Rekodi za Tracey zimedumu kwa sababu ziliandikwa jina, mahali na tarehe, zikatunzwa katika maktaba ya muziki ya ILAM, aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Mwaka 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilirudisha nakala kwa Wakipsigis, na baadhi ya waliorekodiwa mwaka 1950 walikuwa bado hai kuzipokea.