Jembe, Imani na Amani: Wakulima Wakimbizi wa Katumba na Mishamo, Mkoani Katavi, 1972–2014

Utangulizi

Katika historia ya Ukristo wa Afrika Mashariki, mkulima anayeshika jembe na kukataa silaha hukumbusha kwanza Marafiki, maarufu kwa jina la Waquaker. Dhehebu hilo lilianza Uingereza katika karne ya 17 na kutangaza mapema kwamba wafuasi wake hawatapigana vita kwa sababu yoyote. Mwaka 1902 wamisionari wake kutoka Marekani, akiwamo Arthur Chilson, walifungua kituo cha Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ambako kazi za mikono zilifundishwa sambamba na Neno la Mungu. Mwaka 1934 Chilson alianzisha kituo kingine, Kibimba, nchini Burundi. Miaka 38 baadaye, maelfu ya wakulima walilazimika kuikimbia Burundi hiyohiyo, na wengi wakaishia kufyeka mapori ya Mpanda.

Kwa sehemu kubwa wakulima hao hawakuwa Waquaker. Hata hivyo, maisha yao yanaibua swali ambalo Marafiki wamelijibu kwa matendo kwa karne kadhaa: je, kazi ya shamba na imani vinatosha kuleta amani? Makala hii inajenga hoja kwamba katika Katumba na Mishamo vilitosha kuleta utulivu, lakini amani ilibaki na pengo kwa kadiri mkulima alivyokosa uraia na uhakika wa ardhi aliyoilima.

Kutoka Burundi hadi Mpanda

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyowalenga Wahutu, hasa wenye elimu: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali na wa makanisa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba waliouawa walikuwa kati ya watu 100,000 na 200,000. Miongoni mwa waliookoka, wengi walivuka mpaka na kuingia Tanzania.

Serikali ya Tanzania, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na shirika la Kikristo la TCRS, lililokuwa na mizizi katika makanisa ya Kilutheri, walishirikiana kuanzisha makazi matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978. Mishamo ilipokea watu waliohamishwa kutoka Ulyankulu, ambako idadi ya watu ilikuwa imezidi uwezo wa ardhi na maji. Katumba na Mishamo yalikuwa katika Wilaya ya Mpanda, wakati huo sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012.

Kilimo na mipaka ya utulivu

Eneo walilopewa lilikuwa pori la miombo lenye mbung'o. Kila kaya iligawiwa shamba, na kwa miaka michache mahindi, maharage na mihogo vilitosheleza chakula, huku tumbaku ikileta fedha. Mwaka 1985 makazi ya Mishamo yalikabidhiwa kwa serikali, kwa kuwa wakazi wake walihesabiwa kuwa wanajitegemea. Miaka miwili kabla ya hapo, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nansen kwa mchango wake kwa wakimbizi.

Pamoja na mafanikio hayo, mkulima aliyejilisha mwenyewe hakuwa huru kwenda atakako. Makazi yaliongozwa na mkuu wa makazi aliyeteuliwa na serikali, na mkazi alihitaji kibali ili kutoka. Hivyo basi, ghala lilijaa, lakini hadhi ya mwenye ghala ilibaki ile ya mgeni.

Imani na tafsiri ya mateso

Wakazi wengi walikuwa Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na ibada iliwapa mahali pa kukutana na kufarijiana. Aidha, uzoefu wa uhamisho wenyewe ulipewa maana inayokaribia ya kidini. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na mjini Kigoma katikati ya miaka ya 1980, alionesha kwamba wakazi wa Mishamo walijiona kuwa taifa lililo uhamishoni, linalotakaswa na mateso na litakalorejea siku moja. Wenzao wa Kigoma mjini, waliochanganyika na wenyeji, hawakushikilia simulizi hiyo kwa uzito uleule.

Simulizi hiyo ilikuwa na njia mbili. Iliweza kumpa mtu subira ya kulima na kusubiri. Iliweza pia kumwita vitani. Ni Mishamo hiyohiyo ambako mwaka 1980 chama cha Palipehutu kilianzishwa chini ya uongozi wa Rémi Gahutu, na kundi la FNL lililotokana nacho lilipigana nchini Burundi kwa miaka mingi. Kwa hiyo, utulivu wa mashamba haukuwa ushahidi kwamba swali la haki lilikuwa limekwisha.

Uraia na ardhi

Mwaka 2007 wakazi wa makazi hayo matatu walipewa uchaguzi wa kurejea Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Takriban wanne kati ya kila watano walichagua uraia, na maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa. Hata hivyo, mpango wa awali uliwataka wahamie mikoa mingine kabla ya kupewa vyeti. Kwa mkulima aliyefyeka pori kwa mkono wake na kuzika wazazi wake hapo, sharti hilo lilimaanisha kupata nchi kwa kupoteza shamba. Mpango huo ulisitishwa, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014 bila kuwalazimisha kuhama.

Hitimisho

Historia ya Katumba na Mishamo inaonesha kwamba jembe na imani ni nguzo za amani, lakini nguzo hazisimami hewani. Kundi lililolima kwa miongo kadhaa bila uraia lilizaa wakulima wavumilivu na pia wapiganaji, ilhali wote walitoka katika kijiji kimoja na simulizi moja. Aliyechagua uraia alichagua kubaki kwenye udongo alioufahamu. Watafiti wa amani vijijini, kwa hiyo, wanapaswa kutazama zaidi ya mavuno na ibada, na kuuliza ardhi inayolimwa ni ya nani kisheria.