Askari wa Shaba na Mpagazi Asiye na Kaburi

Ndugu msomaji, siku ya kwanza nilipotia mguu Dar es Salaam nikitokea kwetu Makuyuni, wilaya ya Korogwe, mwenyeji wangu aliniambia tukutane "pale Askari". Basi mimi mshamba nikazunguka Posta nzima nikitafuta polisi. Kumbe Askari mwenyewe ni sanamu! Amesimama juu ya jiwe katikati ya mzunguko wa magari, pale Mtaa wa Samora, kainama kidogo mbele na bunduki yake, singe kailekeza upande wa bandarini. Nikaduwaa.

Niliporudi nyumbani nikamsimulia bibi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na yule aliyembebea mizigo, mjukuu wangu, naye wamemweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Babu yake bibi alichukuliwa mwaka 1916 kubeba mizigo ya vita, hakurudi tena. Kaburi lake halijulikani. Swali hilo ndilo lililonifanya niitafute historia ya sanamu ile.

Kabla ya Askari, Dar es Salaam ilikuwa na sanamu nyingine. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeletwa kuuzima upinzani wa pwani ulioanza mwaka 1888. Ndiye aliyepigana na Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwaka 1889, na Bwana Heri wa Saadani, kiongozi wa Wazigua. Katika sanamu hiyo Wissmann alikuwa juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa, wakaipeleka kwao kama nyara. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha kwa kamba mwaka 1967 na tena 1968.

Mwaka 1927 Waingereza wakaweka sanamu yao: huyu Askari tunayemjua, kazi ya mchongaji wao James Alexander Stevenson. Tazama mabadiliko, ndugu yangu. Yule aliyekuwa miguuni pa Mjerumani sasa kapanda juu mwenyewe! Lakini usishangilie haraka. Vita aliyopigana haikuwa yake. Waafrika walivaa sare za pande zote mbili, wakauana kwa ajili ya wafalme wa Ulaya ambao hawakuwahi hata kuwaona.

Na mpagazi je? Yumo katika maandishi. Maneno yaliyochorwa pale chini, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi walitenda haki kidogo zaidi. Katika sanamu yao ya mwaka 1928, mpagazi kasimama na wenzake wenye silaha. Dar es Salaam aliyepewa nafasi ya juu ni mmoja, naye ni mwenye bunduki.

Sasa turudi kwetu. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kufuata reli ya Tanga na Mto Pangani, yakaingia Korogwe, kisha Handeni. Wajerumani wa Lettow-Vorbeck walikuwa wakirudi nyuma kuelekea kusini. Reli haikufika kila mahali, na farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa ovyo kwa ndorobo. Sasa risasi, unga na mahema vitabebwa na nani? Kichwa cha mwanadamu! Kila upande ukawakusanya wanaume vijijini, wengi kwa nguvu.

Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao peke yake, na wapo wanahistoria wanaosema walikuwa wengi zaidi ya hapo. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Mtu aliyezoea ugali wake wa nyumbani alipewa chakula asichokijua, kibichi nusu, akalala kwenye mvua bila blanketi.

Kitu kikubwa walichotuachia ni jina. Baada ya kuuteka mji, Waingereza waliweka kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Leo tunakwenda Kariakoo kununua viatu na simu, tunapigana vikumbo, tunatoka jasho, wala hatukumbuki kwamba tunawaita marehemu.

Nilimpelekea bibi majibu hayo. Nikamwambia, "Bibi, wamemweka kwenye jina la soko." Akanyamaza kitambo. Halafu akasema, "Basi wewe uliyesoma mwandike, maana mimi nikifa hakuna atakayejua kwamba alitoka hapa."

Ndugu zangu waandishi chipukizi, sanamu inataka fedha na amri ya serikali. Sisi tuna daftari na kalamu ya bei poa. Nimeshaanza riwaya yangu, sura ya kwanza inaanzia Makuyuni, Juni 1916, mtu akiitwa nje ya nyumba yake alfajiri. Nawe, kabla hujalala leo, kamuulize mzee wako nani katika ukoo wenu alichukuliwa asirudi.